Ulingo Msituni: Mgeni Alale, Mwenyeji Apone

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wanaopakana na msitu wa Mlima Kenya, pande za Meru na Embu



Kila mkulima anayepakana na msitu anaujua ulingo, hata kama nyumbani anauita kwa jina lingine. Ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo, au kufungwa kwenye matawi, ambapo mlinzi wa shamba hukaa usiku kucha mahindi yanapokomaa. Ana tochi, blanketi kuukuu, debe la kupiga na chupa ya chai. Hakuna stima wala mfereji. Akisikia matawi yakivunjika gizani anajua ndovu wametoka, na hapo anaanza kupiga debe na mayowe. Asubuhi anashuka kwenda kuhesabu kilichobaki. Hakuna anayemlipa.

Wakati huo huo, kuna watu wanaofunga safari kutoka Nairobi na ng'ambo, wakalipa pesa nzuri, ili walale mahali panapofanana sana na hapo: chumba cha mbao juu ya mti au juu ya nguzo, ndani ya msitu, mbali na nyaya za stima na mbali na lami. Giza ni lile lile, baridi ni ile ile, na ndovu ni wale wale. Tofauti ni kwamba huyu analipa na yule halipwi.

Mazungumzo haya yanahusu pengo hilo. Familia na vikundi vilivyo kando ya msitu vinaweza vipi kupata riziki kutokana na malazi ya aina hii, bila kukata msitu, bila kuvunja sheria, na bila mtu kuumia?

Mgeni analipia nini

Jibu la kwanza liko hapa hapa mlimani. Kwenye nyika za juu za upande wa Meru, kaskazini mwa Mlima Kenya, kuna ziwa dogo linaloitwa Rutundu. Karibu nalo, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, pana vibanda vya mbao visivyo na umeme. Usiku huwashwa taa za mafuta na moto wa kuni. Mnamo Oktoba 2010, Prince William wa Uingereza alimpeleka Kate Middleton huko akamposa. Uchumba wao ulitangazwa mwezi uliofuata, na jina la ziwa hilo dogo likazunguka dunia nzima.

Hilo ni jambo la kufikiria kwa yeyote anayeamini kwamba mgeni haji mpaka kwanza pawekwe vigae, runinga na taa za rangi. Vitu hivyo mgeni anavyo kwake. Anachokosa ni giza linaloonyesha nyota zote, na kimya kinachomwezesha kusikia mto ulio mbali. Anakosa mlio wa perere usiku, ambao mtu asiyeuzoea hudhani ni mtoto anayelia au mlango wa zamani unaofunguliwa. Anakosa mbega wakirukaruka asubuhi ukungu unapopanda.

Vitu hivyo vyote vina sharti moja: miti iwe imesimama. Mkafuri ukiangushwa unauzwa mara moja. Mkafuri uliosimama unaweza kumleta mgeni mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka ambao watoto wa leo watakuwa wazee. Asiyeuhesabu mti kwa njia hiyo atauona kama mbao zinazosubiri msumeno.

Somo kutoka Nyeri

Nyumba ya mtini iliyo maarufu kuliko zote nchini ilijengwa mwaka 1932 katika msitu wa Aberdare, Nyeri. Mwenye hoteli aliyeitwa Eric Sherbrooke Walker aliweka vyumba viwili juu ya mgumo mkubwa, wageni wakawa wanapanda ngazi kutazama wanyama wakija kunywa maji. Hiyo ndiyo Treetops. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala hapo. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Uingereza, kwa hivyo binti huyo aliposhuka alikuwa malkia bila kujua.

Miezi minane baadaye serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikapigwa marufuku kwa wenyeji. Familia za Embu na Meru zilihamishwa kutoka mashambani zikawekwa katika vijiji vyenye walinzi. Waliobaki msituni walikuwa wapiganaji wa Mau Mau, waliolala katika mianzi bila taa, wakiogopa hata moshi wa moto wao wenyewe. Miongoni mwao alikuwa Field Marshal Musa Mwariama wa Meru, ambaye hakukamatwa hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Treetops ya kwanza iliteketezwa mwaka 1954. Ilijengwa upya mwaka 1957 karibu na mahali pa awali, safari hii juu ya nguzo.

Kisa hicho hakitajwi ili kufufua machungu. Kinatajwa kwa sababu ya somo lake. Nyumba ya wageni iliyo katikati ya msitu, huku mwenyeji akiwa amefungiwa nje ya msitu huo huo, ina msingi dhaifu hata kama mbao zake ni imara. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji asipone, ziara hiyo haina baraka.

Mifano ya karibu

Karibu na Timau kuna msitu wa Ngare Ndare. Ndani yake imejengwa njia ya kutembelea juu ya miti, daraja la nyaya za chuma na nyavu lenye urefu wa mita 450 hivi, linaloishia kwenye jukwaa lililo juu ya bwawa la maji. Mgeni hulipa kiingilio, hutembea juu ya vilele vya miti, na anayetaka hupiga hema. Msitu huo unasimamiwa kwa ushirikiano wa jamii zinazouzunguka na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ndovu wanaoshuka kutoka mlimani huufikia kwa ushoroba wao, na tangu mwaka 2011 wamekuwa wakivuka chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru kupitia kivuko walichojengewa.

Inafaa kukumbuka kwamba msitu huo haukuwa salama siku zote. Mwaka 1999 Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilifanya uchunguzi kutoka angani kuhusu uharibifu wa misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Kilichoonekana kutoka juu katika misitu hiyo kilihuzunisha: visiki, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi katikati ya miti. Miaka 14 baadaye, mwaka 2013, UNESCO ilipanua eneo la Mlima Kenya lililotambuliwa kuwa urithi wa dunia tangu 1997, ikaingiza Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Msitu ulioharibika unaweza kurudi, lakini hurudi pale ambapo walio karibu nao wana sababu ya kuulinda.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya Lewa, katika kaunti jirani ya Laikipia. Jamii ya Wamaasai wa Il Ngwesi ilifungua nyumba ya wageni mwaka 1996. Vyumba ni vichache, vimejengwa kwa miti na paa la nyasi, vikiwa wazi upande mmoja ili mgeni aone bonde akiwa kitandani. Umeme wake ni wa jua. Jambo kubwa ni kwamba mwenye nyumba ni jamii yenyewe. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Equator inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa.

Sheria inasemaje

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hivyo pasemwe wazi. Msitu wa serikali si shamba la mtu. Hakuna anayeruhusiwa kuingia Irangi, Imenti au kwingineko akajenga kibanda, hata kiwe kidogo namna gani, hata kama ni juu ya mti bila kukata tawi. Anayefanya hivyo anavunja sheria, na kibanda kitabomolewa.

Lakini mlango upo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu chama cha jamii cha msitu kilichosajiliwa, ambacho wengi hukiita CFA, kufanya makubaliano na KFS na kupewa haki za matumizi. Haki hizo si kuni, nyasi na asali peke yake. Utalii unaotunza mazingira umetajwa pia. Kwa hivyo kikundi chenye wazo kianze kwenye chama chake na kwa msimamizi wa kituo cha msitu, kuuliza kama mpango wa usimamizi wa msitu huo unaruhusu malazi, na wapi. Ndani ya mbuga ya taifa, mwenye mamlaka ni KWS.

Njia nyepesi zaidi ni shamba la mtu mwenyewe lililo kando ya msitu. Hapo mgeni anaona msitu, anausikia, na anaingia na kiongozi mchana kwa kulipa ada inayotakiwa, lakini usiku analala kwenye ardhi yenye hati. Hata hivyo, kuwa na hati hakuondoi haja ya vibali. Ujenzi unahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi. NEMA huulizwa kuhusu athari kwa mazingira. Biashara inahitaji leseni ya kaunti, ukaguzi wa afya ya umma, na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Anayetaka kuvuta maji ya mto hupitia Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Orodha hiyo inaweza kutisha. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kununua mbao. Katiba ya mwaka 2010 iliweka utalii wa mashinani kuwa kazi ya kaunti, na ofisi ya wadi ndipo pa kuanzia. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kuagizwa kubomoa.

Nyumba yenyewe

Mti hai hukua, hunenepa, huyumba kwa upepo, na huweza kuoza ndani huku nje ukionekana mzima. Ndiyo maana fundi mwenye busara hupendelea kusimamisha chumba juu ya nguzo zake, mti ukipita kando au katikati, kuliko kuubebesha mti mzigo wote. Mti usichomwe misumari ovyo wala kukazwa waya unaoukaba. Mgumo hasa uachwe: kwa wazee wengi wa Meru na Embu huo ni mti wa heshima, na biashara inayoanza kwa kuudhi wazee haifiki mbali.

Nguzo na mbao zitoke mashambani, kama mikaratusi na migrevilea iliyopandwa, kamwe zisitoke msituni. Ngazi iwe na mahali pa kushika, ukingo wa ubaraza ufike kiunoni mwa mtu mzima, na kabla ya kila msimu wa mvua, yaani Machi na Oktoba, nguzo na bolti zikaguliwe.

Maji ya paa la mabati yakivunwa kwenye tangi yanatosha kuoga na kufua. Ya kunywa yachemshwe. Choo kiwe mbali na kijito na kwenye mteremko ulio chini ya chanzo cha maji. Taa ndogo za jua zinatosha kabisa, na zinatunza giza ambalo mgeni amelipia. Mishumaa haifai katika chumba cha mbao.

Kuhusu jiko la makaa, hapana mjadala: lisiingizwe chumbani hata baridi iwe kali vipi. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hufa usingizini bila kuamka. Blanketi nzito na chupa ya maji ya moto miguuni vinatosha. Jikoni pawe chini, mbali na chumba. Moto wa nje uwe na mahali pake, uzimwe kwa maji, na wakati wa kiangazi kikali usiwashwe kabisa. Wanaokumbuka Machi 2012, moto ulipopanda nyika za Mlima Kenya, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Usiku na ndovu

Chumba kisijengwe kwenye njia ya ndovu. Wanaoijua njia hiyo ni wakazi wenyewe na askari wa KWS, kwa hivyo waulizwe. Ndovu hasahau njia ya mama yake, na nguzo nne za mikaratusi hazimzuii.

Chakula kisiwekwe chumbani, kwa sababu harufu ya ndizi mbivu huwaita nyani mchana na wakubwa zaidi usiku. Mgeni aelezwe kabla ya jua kutua kwamba hashuki ngazi mpaka asubuhi, na apewe ndoo yenye kifuniko kwa haja ya usiku. Mwenyeji alale karibu. Ajue ni wapi simu inashika, na awe amepanga gari la dharura mapema, maana barabara ya udongo mwekundu ikinyeshewa bodaboda haipandi.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia, ikiwemo shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo. Wakazi wanajua kudai ni safari ndefu. Biashara isijengwe juu ya matumaini ya fidia. Ijengwe juu ya tahadhari, na iwe na bima.

Pesa zilale wapi

Chukua mfano tu. Mgeni analipa shilingi 4,000 kwa usiku mmoja. Ikiwa mkate, mayai na maji ya chupa vilinunuliwa mjini, kiongozi ametoka mbali, na mwenye chumba anaishi Nairobi, kijiji kimebaki na vumbi la gari. Lakini ikiwa mayai ni ya jirani, githeri na mukimo umepikwa na kikundi cha akina mama, asali ni ya mizinga ya chama, kiongozi ni kijana wa hapo anayejua majina ya ndege, na shuka zimefuliwa hapo hapo, basi usiku huo mmoja umelisha nyumba tano au sita.

Haya hayaji yenyewe. Yaandikwe. Kikundi kikubaliane kabla ya mgeni wa kwanza: fungu gani ni la mwenye ardhi, lipi la wafanyakazi, lipi la ukarabati, na lipi la wale ambao mashamba yao ndiyo ndovu hupitia. Fungu hili la mwisho husahaulika kuliko yote, na ndilo linaloamua kama jirani atamwona ndovu kama adui au kama mali. Mahesabu yasomwe mbele ya wote.

Ukweli mwingine usifichwe. Malazi haya hayatamtajirisha kila mtu. Kuna miezi ya mvua ambapo hakuna anayekuja, na mwaka 2020 ulionyesha jinsi wageni wanavyoweza kukatika ghafla. Chai, kahawa, makadamia, maziwa na miraa vitabaki kuwa chakula cha nyumba. Mgeni ni mboga, shamba ndilo ugali.

Kinacholindwa

Upande wa Embu una sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili. Rupingazi, Thuci na Ena hutoka kwenye miteremko ya mlima na mwisho wake ni mto Tana. Kwenye Tana kuna mabwawa ya umeme: Kindaruma lilianza mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yakafuata. Taa nyingi za Kenya zimewashwa na maji yaliyochujwa na mianzi na kuvumwani za msitu huu. Kwa hivyo chumba kisicho na stima kando ya Irangi kinakaa karibu na asili ya stima yenyewe. Msitu ukiisha, mgeni atakosa kimya, lakini mkulima atakosa maji ya shamba, na nchi itakosa taa.

Yeyote aliyevutiwa na wazo hili ana mambo matatu ya kufanya kabla ya msimu ujao. Kwanza, ajiunge na chama cha jamii cha msitu wake, au aamshe kile kilicholala. Pili, atembelee ofisi ya wadi na kituo cha msitu akiwa na mchoro wa mahali anapofikiria, hata uwe wa kalamu tu. Tatu, alale usiku mmoja mahali hapo mwenyewe, asikilize, ahesabu njia za wanyama, na aone maji yanapita wapi mvua ikinyesha.

Mlinzi wa ulingo tayari anajua mengi ya hayo. Amejifunza miaka mingi, gizani, bila malipo. Wakati umefika ujuzi huo uwekewe bei, na bei hiyo ilipwe kwake.